Manyoya Yalitangulia Kuruka

Kila anapotangazwa jamaa mpya wa ndege, mnyama wa kale aliyejulikana kwa mifupa iliyogeuka mawe, naulizwa swali lilelile: je, aliruka angani? Mwaka 2023 alipotangazwa Fujianvenator, dinosaria aliye jamaa wa ndege, kutoka mkoa wa Fujian nchini China, nikaulizwa tena. Jamani, tazameni miguu yake! Muundi una urefu mara mbili ya paja. Hiyo ni miguu ya kutimua mbio, au ya kupita majini kama korongo. Aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, na riziki yake aliitafuta chini.

Nimelisema mara nyingi na nitalirudia: unyoya haukuanza kwa ajili ya kuruka. Pokezaneni mfupa huu, ni wa kigasha cha njiwa. Pitisheni ukucha taratibu juu yake. Mnahisi vinundu vilivyojipanga mstari mmoja? Hapo ndipo unyoya wa bawa ulipojishikiza. Basi mwaka 2007 watafiti walichunguza kigasha cha Velociraptor, dinosaria mla nyama kutoka Mongolia, wakakuta vinundu sita, vimeachana kwa nafasi zilizo sawa. Mnyama wa kilo 15 hivi, mikono mifupi, hawezi kunyanyuka hata upepo umsaidie. Lakini mkononi alikuwa na manyoya makubwa!

Najua kuna anayesema moyoni: pengine mababu zake waliruka, kisha uzao ukaacha, kama mbuni. Haya, kwa Velociraptor nakubali, yawezekana. Nielezeni basi Yutyrannus, aliyetangazwa mwaka 2012: urefu mita 9, uzito zaidi ya tani moja, ukoo mmoja na Tyrannosaurus, yule dinosaria jitu mla nyama, na mwilini ana manyoya membamba mithili ya nywele. Huyo naye babu yake aliruka? Manyoya kama hayo hayamwinui mnyama angani. Yanatunza joto. Na Sinosauropteryx, yule dinosaria mdogo aliyetangazwa 1996, mkia wake ulikuwa na milia ya rangi ya kutu na nyeupe. Rangi hiyo ilikuwa ya kuonekana, au ya kujificha.

Muda umenibana, Archaeopteryx, yule ndege wa kale maarufu, namwacha. Ila Baminornis sitamwacha. Ametangazwa 2025, katokea Fujian kulekule, zama zilezile za Fujianvenator, na tayari mkia wake ni mfupi, pingili za mwisho zimeungana kama za ndege wa leo. Yaani mmoja anakimbia chini, na jirani yake keshakuwa ndege!

Mfupa wa njiwa umefikia wapi? Walio nyuma bado hawajaushika.