Kanisa la Inglesham na kuta ambazo hazikuparuliwa

ZUHURA: Nianze na neno, kaka Josephat. Fundi akiziba ufa ukutani tunasema amekarabati. Akibomoa ukuta wote akajenga mpya unaofanana na wa zamani, pia tunasema amekarabati. Neno moja, kazi mbili. Waingereza wa karne ya 19 waligombana miaka mingi juu ya tofauti ya kazi hizo mbili, na kuna kanisa dogo ambako ugomvi wenyewe unauona kwa macho.

JOSEPHAT: Hilo ulilolizungumzia ulipokuwa masomoni.

ZUHURA: Hilohilo. Mtakatifu Yohane Mbatizaji, Inglesham, katika jimbo la Wiltshire. Mto Thames hapo bado mwembamba. Kijiji kimebaki nyumba chache tu, na kanisa liko karibu na malisho. Sehemu kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 13, juu ya kanisa la zamani zaidi. Halina mnara. Kwenye kilele cha ukuta wa magharibi kuna kijiukuta cha mawe chenye matundu mawili ya kutundikia kengele, basi. Ukipita barabarani unaweza kudhani ni ghala la mkulima.

JOSEPHAT: Na ndani?

ZUHURA: Ndani nilisimama mlangoni kwa muda, sikujua nianze kutazama wapi. Safu mbili za nguzo na matao zinatenganisha ukumbi wa kati na sehemu za pembeni. Sakafu imepanda na kushuka kwa sababu unakanyaga mawe ya makaburi. Mabenchi yamezungushiwa mbao kama vizimba, kila kizimba na mlango wake, familia inaingia na kujifungia. Hayo ni ya karne ya 17 na 18. Mimbari nayo ni ya karne ya 17. Halafu kuta! Michoro imepakwa juu ya michoro, tangu karne ya 13 hadi ya 19. Unaona wekundu wa picha ya enzi za Kikatoliki, na juu yake herufi nyeusi za maandiko ya Biblia, maana baada ya Matengenezo ya Kanisa, yaani Uprotestanti ulipoingia, picha zilifunikwa kwa chokaa na maneno yakachukua nafasi. Tabaka moja limebanduka hapa, jingine pale, na zote zinachungulia kwa pamoja.

JOSEPHAT: Hapo mzee wa kanisa wa kwetu angesema pakeni rangi upya, wageni wanakuja.

ZUHURA: Na karibu Uingereza nzima ilisema hivyohivyo. Kati ya 1840 na 1875 hivi, makanisa ya parokia kama 7,000 yalifanyiwa kazi. Kulikuwa na chama cha vijana wasomi wa Cambridge, kilianzishwa 1839, kilichoamini kwamba mtindo safi wa kanisa ni ule wa karne ya 14. Basi dirisha la karne ya 15 likang'olewa, likawekwa jipya lililochongwa kama la karne ya 14. Vizimba vikatolewa. Kuta zikaparuliwa lipu mpaka jiwe likabaki uchi, na michoro ikaondoka na lipu.

JOSEPHAT: Subiri kidogo, dada. Kanisa ni la waumini. Kama paa linavuja na viti vinawaumiza, wafanyeje? Wakae kwenye makumbusho?

ZUHURA: Una haki, na mengi ya makanisa yale yangekuwa magofu leo bila kazi hiyo. Sipingi paa. Ninachopinga ni kumwambia muumini kwamba jiwe la 1860 ni la 1360.

JOSEPHAT: Sasa Inglesham ilinusurikaje?

ZUHURA: William Morris. Mshairi, mchoraji wa nakshi za kitambaa na karatasi za ukutani. Tangu 1871 alikuwa na nyumba Kelmscott, si mbali kutoka hapo. Mwaka 1877 yeye na msanifu majengo Philip Webb, pamoja na wenzao, walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Watu wakakipa jina la utani, Wapinga Kuparua. Tamko lao lilisema, kwa ufupi, jengo lilinde kwa matunzo ya kila siku, wala usijifanye unaweza kurudisha karne iliyokwisha.

JOSEPHAT: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

ZUHURA: Kwa Morris hiyo si methali, ni maelekezo ya kazi! Inglesham ilikuwa inazeeka vibaya. Mwaka 1888 hadi 1889 ikatengenezwa kwa juhudi na msaada wake, chini ya msanifu Micklethwaite. Na Micklethwaite alifunzwa kazi na George Gilbert Scott, bingwa wa kurejesha makanisa, ambaye mpango wake wa kanisa la Tewkesbury ndio uliomfanya Morris aandike barua ya hasira gazetini 1877.

JOSEPHAT: Mwanafunzi wa mtu yuleyule!

ZUHURA: Yuleyule. Nami niliposimama mle nilikumbuka nyumba ya bibi, Mji Mkongwe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Tukaleta fundi, akapiga lipu ya saruji, ikapendeza. Baada ya masika mawili ukuta ukaanza kutoa chumvi, lipu ikafanya tumbo, ikaanguka na vipande vya jiwe. Chokaa huruhusu unyevu utoke, saruji huufungia ndani. Bibi alikuwa ametuambia tutafute chokaa. Hatukumsikiliza.

JOSEPHAT: Kuna kitu kimoja uliahidi hutakisahau.

ZUHURA: Lile jiwe. Bamba la kuchongwa, la zamani kuliko kanisa lenyewe, la kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza. Bikira Maria amekaa na Mtoto, na juu yao mkono wa Mungu unashuka ukiwaelekeza. Jina lake limechongwa hapohapo, Maria. Kwa muda mrefu lilikuwa nje, ukuta wa kusini kwenye jua, na wanakijiji wakalitoboa na kulitumia kama saa ya kivuli. Sasa liko ndani, na matundu yale bado yapo.

JOSEPHAT: Hawakuyaziba?

ZUHURA: Hawakuyaziba. Na kuna kibao cha kumkumbuka Morris, kinasema kanisa lilitengenezwa kwa bidii na msaada wake, "aliyelipenda". Kwa Kiingereza wamechagua neno la kuziba ufa, wala si lile la kurejesha upya. Nilikuwa natafsiri kichwani, nikaandika "lilikarabatiwa", nikafuta.

JOSEPHAT: Ukaandika nini?

ZUHURA: "Lilitibiwa." Bado natafuta lililo bora. Wasikilizaji mlio mafundi, tuandikieni. Ninyi mnasemaje mkiwa kazini?