Angalia rangi ya choo cha mtoto

Habari zenu nyumbani. Niko Birmingham, na leo sizungumzii maisha ya hapa. Juzi usiku wifi yangu alinitumia picha kwa WhatsApp: nepi ya kichanga wake wa wiki 5. Choo kilikuwa cheupe, kama unga wa muhogo uliolowa maji. Macho ya mtoto yalikuwa ya njano tangu wiki ya kwanza. Alipompeleka kupimwa aliambiwa amtoe juani asubuhi, itaisha.

Mara nyingi huisha kweli, na ndiyo maana watu hawashtuki. Lakini choo cheupe ni jambo jingine kabisa. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi yake. Kikiwa cheupe, maana yake nyongo haifiki kwenye utumbo. Upo ugonjwa uitwao bailiari atresia, ambapo mirija ya nyongo ya kichanga inaharibika na kuziba. Nyongo inakwama ndani na kuliharibu ini mpaka linakuwa gumu. Na tafadhali, hii siyo homa ya manjano ile ya mbu.

Wifi akaniuliza, "Mbona sijawahi kuusikia?" Kwa sababu ni nadra. Uingereza unampata mtoto 1 katika kama 16,000 wanaozaliwa. Japani ni kama 1 katika 10,000, na Taiwani 1 katika 5,000 au 6,000. Sasa tupige hesabu ya kwetu. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Hata tukichukua kiwango cha Uingereza, ambacho ni kidogo kuliko vyote nilivyotaja, ni watoto zaidi ya 100 kila mwaka, wawili kila wiki. Muuguzi wa zahanati anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja, ila wapo, ndugu zangu. Wapo.

Na dawa yake ni kuwahi. Daktari Morio Kasai wa Sendai, Japani, miaka ya 1950, alibuni operesheni ya kuiondoa mirija iliyoharibika na kuuunganisha utumbo na ini moja kwa moja. Inafaa zaidi kabla mtoto hajatimiza siku 60. Akichelewa, mara nyingi kinachobaki ni kupandikizwa ini.

Taiwani walifanya kitu ninachokipenda mno. Tangu 2004, kijitabu cha kliniki cha kila mtoto kina picha za rangi za choo. Mama analinganisha na nepi. Kama kimepauka, anapiga simu. Kabla ya kadi, waliofikisha miaka 5 wakiwa na ini lao wenyewe, na bila njano, walikuwa kama asilimia 27 ya waliofanyiwa operesheni. Baadaye wakafika 64. Ni karatasi ya rangi tu! Kadi zetu za kliniki zina nafasi ya picha hizo.

Kwa hiyo mama, baba, bibi unayebadilisha nepi: njano ikipita siku 14, mtoto apimwe damu, na mwambie daktari unataka kipimo cha bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, ya aina zote mbili: iliyochakatwa na ini na isiyochakatwa. Weusi wa ngozi usikudanganye, tazama weupe wa macho na fizi. Mkojo wa kichanga hauna rangi. Ukiwa wa njano iliyokolea, sema. Choo ukitazame mchana, kwenye mwanga wa jua.

Wifi alipanda basi Jumanne kwenda hospitali ya rufaa. Mtoto ana siku 38 leo. Damu imechukuliwa, tunasubiri majibu.