Albamu Iliyopo na Albamu Tunayoikumbuka

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Walionisikia huko nyuma wanajua nitakachosema, na nitakisema tena kwa sababu naona hakijasikika. Bendi ya folki-roki, yaani muziki wa asili wa Kimagharibi uliochanganywa na roki, hizi za nyimbo za huzuni, ikitoa albamu asubuhi, jioni hukumu zimeshatoka. Nimezifuatilia hukumu hizo kwa miaka mingi. Karibu zote huangukia mafungu mawili: ama "wamebadilika, si wale tuliowapenda," ama "wamejirudia, hawana jipya." Tena hutolewa juu ya albamu ileile, siku ileile! Na ukizichunguza, hakuna neno hata moja kuhusu kilichomo: gitaa limepigwaje, sauti ya mwimbaji imewekwa karibu au mbali, mwendo ni wa kasi gani. Zote zinaihusu albamu ya zamani. Msikilizaji anaikumbuka ile aliyoisikiliza akiwa na miaka 19, ameachwa na mpenzi, hapati usingizi. Anailaumu hii mpya kwa kushindwa kumrudisha pale.

Hilo ndilo jambo langu leo, na sina jingine.

Tuanze na Manchester, Uingereza, tarehe 17 Mei 1966, ukumbi wa Free Trade Hall. Kisa hiki wengi mnakijua, lakini nivumilieni, kwa sababu husimuliwa nusunusu. Mwimbaji wa Marekani Bob Dylan alipiga sehemu ya kwanza peke yake, gitaa kavu na harmonika. Ukumbi ukatulia, wimbo ukiisha makofi. Sehemu ya pili akarudi na gitaa la umeme, na nyuma yake bendi ya The Hawks, ambao baadaye walijulikana kama The Band. Hapo vurugu zikaanza, kwa sababu kwa wapenzi wengi wa folki gitaa la umeme lilikuwa usaliti. Watu wakazomea, wakapiga makofi ya polepole kwa makusudi ili kumtoa kwenye mstari. Karibu na mwisho mtu mmoja akapaza sauti: "Yuda!" Dylan akamjibu kwamba hamwamini, kwamba ni mwongo, kisha akawageukia wenzake akawaambia wapige kwa sauti kubwa. Wakaupiga wimbo wa mwisho kwa nguvu zao zote.

Wasimulizi wengi huishia hapo, wakisema kwamba watu walishtuka. Walishtushwa na nini? Mwezi Machi 1965, zaidi ya mwaka mzima kabla ya usiku ule, Dylan alishatoa albamu ambayo upande wake mmoja ulikuwa na bendi ya umeme. Mwezi Agosti akatoa nyingine, karibu yote ya umeme. Nyimbo zake za umeme zilikuwa zikipigwa redioni. Aliyekata tiketi ya Mei 1966 hakuwa na sababu ya kushtuka. Na kuna jambo linalonikera zaidi kwa jinsi linavyosahaulika: baadhi ya nyimbo zilizozomewa zilikuwa za albamu zake za awali, zile za gitaa kavu, maneno yaleyale, zimepangwa upya kwa ajili ya bendi. Watu walizomea nyimbo walizozipenda wenyewe! Rekodi ya usiku ule ipo. Ilizunguka kwa miaka mingi bila idhini, ikidaiwa kimakosa kuwa ni ya Royal Albert Hall, London, hadi ilipotolewa rasmi mwaka 1998. Isikilizeni bila kisa. Sikilizeni ogani, sikilizeni mwimbaji anavyovuta silabi za mwisho mpaka zinakuwa kama kilio. Huzuni ya sehemu ya kwanza haijaondoka. Imehamia mahali pengine, na aliyeng'ang'ania kuitafuta kwenye kiti chake cha zamani hakuiona.

Najua kuna atakayesema: lakini sauti ilikuwa mbovu, ngoma zilimeza maneno. Sawa! Hilo ni oni halali, nami nalipokea kwa mikono miwili, kwa sababu linahusu kilichosikika. Hata kule Newport, Marekani, Dylan alipopiga gitaa la umeme kwenye tamasha la folki tarehe 25 Julai 1965, wako waliokuwepo wanaosisitiza kwamba manung'uniko yalitokana na mitambo mibovu na onyesho fupi. Kwa bendi alipiga nyimbo tatu tu. Mtu anayesema "sikuyasikia maneno" amesikiliza. Anayesema "Yuda" ameleta kesi yake kutoka nyumbani.

Mwingine ataniambia kwamba msikilizaji amelipa, ana haki ya kupenda na kuchukia. Nani amemnyima? Achukie. Ninachodai ni kwamba achukie kitu kilichopo. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi sikatai mtu kuvuta. Nakataa avute ngozi huku akidai kwamba ameisikia ngoma.

Sasa Bon Iver, bendi ya Mmarekani Justin Vernon. Vernon alijifungia kwenye kibanda cha kuwindia cha baba yake, Wisconsin, majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, na albamu ya kwanza ikazaliwa humo. Kisa cha kibanda kikasambaa pamoja na nyimbo, na kwa wengi kibanda ndicho kilichosikilizwa. Mwaka 2016 akatoa albamu yenye sauti zilizokatwakatwa na kuchakatwa kwa mashine, majina ya nyimbo yamejaa tarakimu na alama, na kilio kikaanza: yuko wapi yule wa msituni? Lakini rudini kwenye ile ya kwanza. Sauti ile nyembamba ya juu siyo ya mtu mmoja aliyekaa mbele ya moto na gitaa. Ni sauti yake aliyoirekodi mara nyingi na kuirundika juu yake yenyewe mpaka ikawa kwaya ya mtu mmoja. Kuichakata sauti kulikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 2009 alishatoa wimbo mzima wa sauti yake tupu iliyopitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti, tabaka juu ya tabaka. Aliyesikiliza kwa makini aliiona njia ikielekea 2016.

Na madhara ya kusikiliza kisa badala ya muziki hayaishii kwa walio hai. Nick Drake, mwimbaji na mpiga gitaa wa Uingereza, alifariki Novemba 1974, akiwa na miaka 26. Albamu yake ya tatu na ya mwisho, ya 1972, yenye dakika kama 28, ni sauti na gitaa lake, na kinanda kidogo kwenye wimbo mmoja. Watu huisikiliza kama barua ya kuaga. Aliirekodi Oktoba 1971, miaka mitatu kabla ya kifo! Sikatai kwamba alikuwa akiumwa moyoni. Ila mkiisikiliza kama barua, mnampoteza mpiga gitaa: vidole vyake vilivyotulia, na namna alivyozikaza nyuzi kwa mpangilio usio wa kawaida, nyuzi wazi zikaendelea kuvuma chini ya wimbo. Huzuni mnayoisikia imetengenezwa na mikono hiyo. Ni kazi ya fundi, na fundi anastahili kusikilizwa kama fundi. Albamu zake ziliuza kidogo sana alipokuwa hai. Waliokuwepo mwaka 1972 waliipita tu, bila hata kuizomea.

Naona napewa ishara ya muda. Basi haraka. Bendi ya Uingereza Mumford & Sons waliweka pembeni banjo, ala ya nyuzi waliyojulikana nayo, kwenye albamu yao ya 2015, na mjadala wote ukawa banjo; nilitaka kueleza jinsi ngoma zilivyobadilisha uimbaji wao, lakini nimeshachelewa. Kuhusu "wamejirudia": kurudia ni uti wa mgongo wa muziki huu, kwani umetoka kwenye nyimbo za kale zenye beti nyingi kwa tuni moja, na mabadiliko hutafutwa ndani ya beti. Kuhusu mashairi, siku nyingine. Na wale wanaosema kwamba wimbo wa huzuni lazima uwe kwenye ufunguo wa maina, ule mpangilio wa noti unaohesabiwa kuwa wa huzuni, wachukue nyimbo tano wanazozililia wakazipige kwenye kinanda. Watakuta nyingi tu ziko kwenye meja, ufunguo unaohesabiwa kuwa wa furaha, zimetiwa huzuni na mwendo, na sauti iliyoshushwa, na nafasi tupu kati ya noti.

Karibuni maswali. Atakayetaka kunipinga juu ya albamu mpya ya bendi yoyote anipinge, nitafurahi, ila naomba aanze kwa kutaja wimbo mmoja na sehemu moja ndani ya wimbo huo.