Jeni iliyofungwa: udhaifu mmoja wa seli za leukemia

Mababa, mamama, na ninyi wanafunzi wa uuguzi, jambo.

Hapa Bukavu, na huko Kabare na Walungu, nyumba nyingi zinafuga kobayi, yaani simbilisi. Damu ya mnyama huyo ndiyo iliyofichua udhaifu wa leukemia kali ya limfositi, saratani ya damu ile inayoshika watoto zaidi. Mwaka 1953, huko New York, John Kidd aliwadunga panya wenye limfoma (uvimbe wa saratani ya limfu) seramu ya kobayi, yaani maji ya damu yake, na uvimbe ukanywea. Seramu ya farasi na ya sungura haikufanya kitu. Mwaka 1961 John Broome akaonyesha kwamba kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho asparajinesi, kinachovunja asparajini ndani ya damu.

Asparajini ni asidi amino; seli ikiikosa haijengi protini zake. Seli nyingi za mwili hujitengenezea: kimeng'enya asparajini sinthetesi huchukua aspateti na kuiongezea nitrojeni kutoka kwenye glutamini. Seli nyingi za leukemia hiyo zina kimeng'enya hicho kidogo mno, basi zinaishi kwa kuomba kwenye damu.

Hapa naomba tukae, maana wengi hudhani jeni imepotea. Hapana! Jeni ya ASNS, ile yenye maelekezo ya kutengeneza asparajini sinthetesi, ipo mahali pake, kwenye kromosomu ya 7. Kilichobadilika mara nyingi ni sehemu ya kuiwashia: pale herufi C ya DNA inapofuatwa na G, vimebandikwa vikundi vya metili, vialama vidogo vya kikemia. DNA hujikunja, mashine ya kunakili haipati pa kushika, RNA, yaani nakala ya jeni, haiandikwi. Bila RNA, hakuna kimeng'enya. Mimi naliona jambo hili kuwa zito kuliko yote ya leo, kwa sababu kilichofungwa kinaweza kufunguliwa.

Dawa ya asparajinesi, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye bakteria E. coli, huziua seli hizo kwa njaa. Lakini njaa hiyohiyo huamsha protini ATF4, nayo huiwasha ASNS pale metili zilipo chache. Tena, seli jirani ndani ya uboho zinaweza kuzigawia seli za leukemia asparajini. Ndiyo maana dawa hii haitolewi peke yake. Inaambatana na dawa nyingine: vinkristini na steroidi.

Mama pale mbele anauliza kama amnyime mtoto vyakula vyenye asparajini. Hapana, mama. Mwili wa mtoto wenyewe unaitengeneza kila siku, kwa hiyo kumnyima chakula hakuinyimi leukemia kitu. Mpe maharagwe, mpe samaki, ale ashibe.