Kimashine kilisoma 86 kwa wote wawili

Jamani karibuni, wa nyuma sogeeni tu huku mbele siumi. Swali letu leo ni hili, sayansi inaweza kukwambia mwenzako anajisikiaje? Kabla sijaanza kufundisha fizikia nilipandisha wageni Mlima Kilimanjaro misimu kadhaa, kwa hiyo mfano wangu nautoa huko huko juu, mnauona hapo dirishani kama mawingu yameachia.

Tuko kambi ya Horombo, mita 3,720, jioni baada ya kula unapita na kile kimashine cha kubana kidole kinachosoma oksijeni kwenye damu. Siku hiyo nina wageni wawili, dada na mdogo wake wa kiume, wote wamesoma asilimia 86. Dada anakunywa supu anaomba na pilipili, kaka kajiinamia kashika kichwa kwa mikono miwili, hataki hata kumulikwa tochi. Na kimashine hakijakosea, mwanga unapita kidoleni unaangalia damu imebeba oksijeni kiasi gani, basi, maumivu hayamo mle.

Mtasema kitafutwe kipimo kikubwa zaidi. Kipo, cha kupima ugonjwa wa kupanda juu sana, kinaitwa Lake Louise, jina la sehemu ya Kanada, wamekirekebisha 2018. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka, ni maswali! Kichwa kinauma kiasi gani, 0 mpaka 3, tumbo je, uchovu, kizunguzungu. Yaani sayansi imezunguka koote imerudi kukuuliza wewe unajisikiaje, na wagumu wetu wengine, yaani wapagazi, hapo wanajibu niko fiti bosi, maana wanaogopa wakishushwa watakosa hela.

Ila msiondoke hapa mkisema mwalimu kaponda sayansi. Mwaka 1931 huko Marekani mkemia Arthur Fox alikuwa anamimina unga fulani maabara, vumbi likaruka, mwenzake akalalamika uchungu mdomoni na yeye Fox hasikii kitu. Leo tunaijua mpaka jeni inayohusika, TAS2R38. Safi kabisa. Lakini chukua mtu hajawahi kuonja chochote kichungu, mfundishe jeni hiyo na ulimi na ubongo wote, halafu mpe mbege, ile pombe ya ndizi, iliyozidi msesewe, lile gome chungu la mti. Atakunja uso atasema "kumbe!" Sasa hiyo kumbe, ilikuwa ukurasa gani?

Turudi Horombo. Nikamuuliza yule kaka, akasema 2. Dada yake akadakia, huyo msimsikilize, hata sindano analiaga. Sasa 2 yake kwa dada huenda ni 1, huenda ni 3, na mimi sina pa kuzilinganishia. Alfajiri nikamshusha Mandara, kambi ya chini yake. Dada akaninunia njia nzima.

Haya, yule mama wa kanga ya kijani alinyoosha mkono mapema.