Dakika nane za Bibi Hamer

MAGE: Haya karibuni tena jamani, leo tupo wawili tu hakuna mgeni, na shoga yangu Zuu nimemlazimisha asikilize kitu kabla hatujaanza kurekodi. Umesikiliza?

ZUU: Nimesikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa kwenye daladala nikapitiliza kituo, nimekuja kushtuka tupo mbele huko.

MAGE: Ndo nilichotaka. Sasa wasikilizaji wetu mnakumbuka tulisema mwezi huu ni wa hotuba za wanawake weusi, na mmetuandikia majina mengi mno, Michelle Obama, Chimamanda, mama yetu Wangari Maathai, wote tutawafikia msiwe na wasiwasi. Ila mimi nikaomba tuanze na mama mmoja ambaye huku kwetu wengi hawamjui, Fannie Lou Hamer, wa Mississippi, Marekani. Tena alichosema hata hotuba siwezi kukiita.

ZUU: Utakiitaje sasa?

MAGE: Ngoja nikwambie. Sisi Kiswahili tuna ushahidi na tuna ushuhuda. Ushahidi unautoa mahakamani, uliona nini, tarehe ngapi, nani alikuwepo. Ushuhuda unautoa kanisani, unasimama mbele ya watu unasema nilikuwa pale, yakanikuta haya, na bado nipo. Huyu mama alivitoa vyote kwa mpigo mmoja, kwenye kiti kimoja, kama dakika nane tu, bila kusoma karatasi.

ZUU: Na shahidi kwetu ni yule aliyeona, na ni yule aliyeuawa kwa ajili ya haki pia. Neno lile lile. Nilikuwa nalifikiria hilo muda wote namsikiliza, maana kidogo tu awe yote mawili.

MAGE: Eeh. Basi picha iko hivi. Mwaka 1964 chama cha Democratic kinafanya mkutano mkuu pale Atlantic City, New Jersey, wa kumpitisha Lyndon Johnson agombee urais. Kila jimbo linaleta wajumbe, na Mississippi imeleta wazungu watupu, kwa sababu kule mtu mweusi kwenda kujiandikisha kupiga kura ilikuwa ni kutafuta kufukuzwa kazi, kupigwa, hata kuuawa. Sasa weusi wa kule wakaanzisha chama chao, Mississippi Freedom Democratic Party, wakachagua wajumbe 68, wengi weusi na wazungu wachache, wakafunga safari wakasema wajumbe halali ni sisi. Ikabidi kamati ya kuhakiki wajumbe ikae iwasikilize, tarehe 22 Agosti, na tivii zinarusha laivu.

ZUU: Ndo anaingia mama wa miaka 46, mtoto wa mwisho kati ya watoto 20, ameanza kuchuma pamba akiwa na miaka 6. Na mimi kilichonisimamisha ni sentensi ya kwanza kabisa. Anataja jina, halafu anataja anapoishi, namba ya nyumba, mtaa, mji. Nikasema sawa, si ndo ushahidi unavyoanza. Alafu mbele huko anasema tarehe 10 Septemba 1962 zilipigwa risasi 16 kwenye nyumba ya watu waliompokea, risasi zilizokusudiwa yeye. Nikarudisha nyuma kusikiliza upya. Mage, huyu mama anajua kuna watu wanamwinda, yupo kwenye tivii nchi nzima inamtazama, na anawatajia namba ya mlango wake!

MAGE: Na anawataja maseneta wawili wa Mississippi hapo hapo, kwamba ndo nyumbani kwao huko ninakotoka. Anawapeleka mpaka mlangoni mwao na wao.

ZUU: Na ile "Mrs." aliyojitambulisha nayo, neno la heshima kwa mwanamke aliyeolewa. Usipoijua Mississippi ya wakati ule unaweza ukaipita.

MAGE: Elezea.

ZUU: Mzungu wa kule alikuwa hamwiti mwanamke mweusi "Mrs." hata awe bibi kizee wa wajukuu kumi, atamwita jina la kwanza kama mtoto. Sisi hapa tunalijua hili, si wakoloni walikuwa wanamwita baba wa watu "boi" mpaka neno likaingia kwenye Kiswahili tukabaki nalo? Kwa hiyo yeye kujitambulisha kama Mrs. Hamer mbele ya kamati ile, alikuwa anajipa heshima ambayo kwao alinyimwa kila siku.

MAGE: Ebu nirudi nyuma kidogo kwenye lile basi, maana hapo ndo kila kitu kinaanza. Mpaka Agosti 1962, ana miaka 44, alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba mtu mweusi ana haki ya kujiandikisha kupiga kura. Miaka 44! Analijua hilo kwenye mkutano kanisani, vijana wa harakati za haki za kiraia wamekuja kijijini wanauliza nani atakwenda, na yeye ananyoosha mkono. Tarehe 31 Agosti wanapanda basi watu 18 kwenda Indianola, maili 26, ni kama kilomita 42 hivi, wanapewa ule mtihani wa kusoma na kueleza katiba, ambao kazi yake kubwa ilikuwa kukufelisha. Wakati wa kurudi polisi wanalisimamisha basi wanampiga faini dereva, eti basi lina rangi isiyo sahihi.

ZUU: Rangi ya basi jamani.

MAGE: Rangi ya basi. Wanachanga, wanalipa, wanarudi. Anafika nyumbani anakuta habari imeshamtangulia, mwenye shamba alilokuwa anafanyia kazi na kuishi anamwambia kaondoe jina lako la sivyo uhame. Na huyu mwenye shamba mama alimtumikia miaka 18, mama ndo alikuwa anaandika saa za wafanyakazi na kupima pamba yao. Sasa jibu lake nimekaa nalo wiki nzima nalitafutia Kiswahili, na nimeona Kiswahili kinalibeba vizuri sana. Alimwambia, mimi sikwenda kukuandikishia wewe, nilikwenda kujiandikisha mwenyewe.

ZUU: Kukuandikishia. Kujiandikisha. Aisee.

MAGE: Yaani kitenzi kile kile, kinageuka kidogo tu, na mtu mzima anatoka kwenye miliki ya mtu mwingine anakuwa wake mwenyewe. Usiku ule ule akahama.

ZUU: Sasa tuongee kuhusu Winona au tuipite?

MAGE: Tuiongee, yeye mwenyewe hakuipita. Kama una watoto karibu punguza sauti kidogo. Juni 1963 yeye na wenzake wanarudi kutoka kwenye mafunzo ya uraia, basi linasimama mji wa Winona, Mississippi, wanakamatwa wanawekwa ndani. Askari wanawapa wafungwa wawili weusi rungu waanze kumpiga, mmoja akichoka anapokea mwingine. Amelala kifudifudi, anajaribu kuvuta nguo yake ajistiri, na wao wanaipandisha. Figo zake ziliumia na hazikupona tena. Anatoka jela anakuta Medgar Evers, kiongozi wao mkubwa pale Mississippi, ameuawa kwa risasi nyumbani kwake.

ZUU: Hapo ndo nilipopitiliza kituo. Na unajua kilichoniuma zaidi ni kwamba hapigi kelele. Sauti inatetemeka kidogo, ila anataja kitu kimoja baada ya kingine kama mtu anayesoma daftari. Walichagua hata mikono itakayompiga iwe mikono ya weusi wenzake, na yeye anawasimulia wale wafungwa bila kuwatukana, kwa sababu na wao walikuwa wanaamriwa.

MAGE: Na Rais Johnson aliogopa. Hebu fikiria, rais wa Marekani anamwogopa mama aliyekuwa anachuma pamba. Alikuwa anahofia kupoteza kura za wazungu wa kusini, kwa hiyo wakati mama anaongea yeye akaitisha mkutano wa ghafla na waandishi wa habari pale Ikulu ili tivii zihamishe kamera, na kweli zikahama. Ila jioni yake vituo vya tivii vikarusha ule ushahidi wa Mrs. Hamer, na sasa ni saa ambazo watu wote wako sebuleni. Waliokosa mchana wakamsikia usiku, tena wengi zaidi.

ZUU: Mimi nikimsikiliza kuna mtu mwingine ananijia kichwani, na sio kwa sababu walijuana, sijui hata kama majina yao yaliwahi kukaa sehemu moja. Bibi Titi Mohamed.

MAGE: Nilijua tu utafika huko!

ZUU: Lazima nifike, mimi mtoto wa Magomeni bwana. Bibi yangu alikuwa akisikia jina lake anaacha alichoshika. Lakini sikiliza, Mrs. Hamer alikuwa mwimbaji. Lile basi la Indianola, watu walipoanza kuogopa, yeye ndo aliyeanzisha nyimbo za kanisani wakatulia. Sasa Bibi Titi naye alitokea kwenye ngoma, alikuwa anaongoza kuimba kwenye kikundi chao cha Bomba hapa Dar es Salaam, na mwaka 1955 TANU inapotaka kitengo cha wanawake anapewa yeye aongoze. Alipita kwenye vile vile vikundi vya ngoma, anaingia kwa wanawake anaowajua, anaongea Kiswahili chao, na wanawake wakachukua kadi kwa maelfu wakati wanaume wengi bado wanaogopa kufukuzwa kazi serikalini. Wote wawili shule ilikuwa kidogo, ila walikuwa wameshazoea kushika umati kwa sauti miaka na miaka kabla siasa haijawafuata. Watu wanasema kipaji, mimi nasema yale yalikuwa mazoezi.

MAGE: Na wote wawili hawakutunzwa vizuri baadaye.

ZUU: Bibi Titi alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akatolewa 1972. Alikuja kufariki mwaka 2000. Leo tunapita barabara ya Bibi Titi Mohamed kila siku tuna haraka zetu, ukimuuliza kijana huyu alikuwa nani anakwambia ni pale karibu na Mnazi Mmoja.

MAGE: Hiyo inahitaji kipindi chake peke yake, na kitakuja. Sasa turudi Atlantic City, walipata nini? Walipewa viti viwili. Watu 68 wameacha makazi yao, wengine wamefukuzwa kazi, wanaambiwa chukueni viti viwili, tena hata kuwachagua hao wawili hamchagui nyie. Viongozi wakubwa wakawaambia kubalini, siasa ndivyo ilivyo. Mrs. Hamer akasema hatukuja safari yote hii kwa ajili ya viti viwili. Wakakataa, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

ZUU: Kwa siku ile mikono mitupu, ila mwaka uliofuata, 1965, ikapita sheria ya haki ya kupiga kura. Na 1968 kwenye mkutano mkuu wa Chicago akaingia ukumbini kama mjumbe halali, watu wakasimama kumpigia makofi.

MAGE: Ila kuna safari moja katikati hapo naipenda kuliko hata Chicago. Septemba 1964, wiki chache tu baada ya Atlantic City, yeye na vijana wa harakati wanakwenda Guinea. Ndo mara yake ya kwanza kuona nchi inayoendeshwa na watu weusi, marubani weusi, mabenki wanafanya weusi, na Rais Sékou Touré mwenyewe anawafuata pale walipofikia kuwasalimia. Mama akalia. Kwao rais amemkatia matangazo, huku rais anakuja mlangoni kwake.

ZUU: Jamani.

MAGE: Alafu hakuishia kwenye kura. Mwaka 1969 akaanzisha ushirika wa kilimo, Freedom Farm, kwa sababu aliona mtu akijiandikisha kupiga kura ananyimwa kazi na chakula, sasa bila shamba lako utapiga kura na njaa? Wakawa na mradi wa nguruwe, familia inapewa jike lenye mimba, inabaki na watoto, na baadhi wanapelekwa kwa familia nyingine. Ile ile ya kukopa ng'ombe ukarudisha ndama. Alikufa 1977, ana miaka 59, mwili umechoka, yale ya Winona hayakumwacha.

ZUU: Umesema ulikuwa unamtafsiria mama yako.

MAGE: Eeh, mama Kiingereza hakipandi, na aliniona nalia na simu mkononi akataka kujua kuna nini. Nikaanza kumtafsiria kidogo kidogo kwenye daftari, nikakwama pale pale mwanzo kwenye Mrs. Nikiandika mke wa Hamer inakuwa kama yeye ni mali ya mume, nikiandika Mama Hamer haijakaa sawa. Mama akaniuliza, kwani Titi tulikuwa tunamwitaje?

ZUU: Ah.

MAGE: Basi nikaandika hivyo.

ZUU: Tusomee.

MAGE: Nasoma. "Mheshimiwa Mwenyekiti, na kamati yako, mimi naitwa Bibi Fannie Lou Hamer, na naishi nyumba namba 626, mtaa wa East Lafayette, Ruleville, Mississippi."