Hesabu Miruko, Usihesabu Namba

Walimu wenzangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: kanuni ya mfuatano wa kijiometri, yaani namba ambazo kila moja inapatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa namba ileile, haikaririwi, inahesabiwa.

Chukueni 5, 15, 45, 135. Mwanafunzi anatakiwa kutaja namba ya 10. Anaona kila namba inazidishwa kwa 3, vizuri sana, kisha anaandika 5 × 3¹⁰. Ukimuuliza hiyo 10 imetoka wapi, anakujibu, "Si ndiyo namba ya 10?" Hapo tunamkemea, "Kipeo ni n toa 1!" (n ni nafasi ya namba, hapa 10), tunafuta ubao na kuendelea. Jamani, huko si kufundisha.

Mwambie aweke kidole kwenye 5. Amezidisha mara ngapi? Bado. Ahamie 15: mara moja. 45: mara mbili. 135: mara tatu. Kidole kiko kwenye namba ya nne, lakini kimeruka mara tatu tu. Uzio wenye nguzo 10 una nafasi 9. Kwa hiyo kufika namba ya 10 ni miruko 9: 5 × 3⁹, yaani 98,415. Ile 5 × 3¹⁰ yake ni namba ya 11! Akishaona hivyo, n − 1 anaiandika mwenyewe.

Mtaniambia muda hautoshi, mtihani unataka kanuni. Haya, mtihani ukimnyima namba ya kwanza je? Namba ya tatu ni 12, ya sita ni 96. Aliyekariri anakwama. Aliyehesabu anaona miruko mitatu. 96 ÷ 12 ni 8, na 8 ni 2 × 2 × 2. Uwiano, yaani ile namba ya kuzidishia, ni 2. Anarudi nyuma miruko miwili, anakuta 3. Namba ya n ni 3 × 2ⁿ⁻¹. Na tafadhali sana, hiyo si 6ⁿ⁻¹! Kipeo ni cha 2 peke yake. Weka n = 3: huku 12, kule 36.

Naona muda unaniishia. Miruko ikiwa shufwa, kwa mfano ya tatu 12 na ya tano 48, uwiano ni 2 au −2, maana 48 ÷ 12 ni 4, na zote mbili zikijizidisha zinatoa 4. Yaandikwe yote mawili. Katika 81, 27, 9 uwiano ni ⅓, si 3.

Na kabla ya yote, hakikisheni mfuatano ni wa kijiometri kweli. Wekeni nukta kwenye mzingo wa duara, ziunganisheni zote kwa mistari nyoofu, mhesabu vipande vingi kabisa vinavyowezekana. Nukta moja hadi tano zinatoa 1, 2, 4, 8, 16. Darasa zima litapiga kelele 32. Nukta sita zinatoa 31.